Mwendo wa Arobaini na Moja

Kombe lenyewe si kubwa. Likijaa chai
linatosha watu watatu wasio na kiu.
Tulilinunua kwa michango, shilingi kwa shilingi,
misimu miwili ya baridi, mweka hazina
akiwaandama wadaiwa hadi mlangoni mwa kanisa.

Klabu ya Sataranji ya Calderbeck:
wanachama kumi na tisa, chumba cha juu
kwa muuza kahawa, ngazi zinazolalamika,
na harufu ya sufu mbichi iliyotufuata kutoka viwandani
ikakaa nasi kama mwanachama wa ishirini
asiyelipa ada.

Mimi ndiye katibu. Niliandika kila kitu.
Fainali, Ijumaa, Februari ya themanini na nne:
Jabez Ackroyd, fundi wa vitana vya mitambo ya kufumia,
dhidi ya Enoch Thewlis, mpiga kinanda wa kanisa,
ambaye huwaza kwa vidole,
akipapasa ukingo wa meza kama anayetafuta sauti ya besi.

Jabez alikohoa tangu mwendo wa kumi.
Alikohoa ndani ya leso, akaikunja,
akasogeza ngome, akaikunjua tena.
Kufika saa tatu na nusu, mfalme wa Enoch alisimama
kama mtu aliyefungiwa nje na nguo za kulalia.
Au ndivyo nilivyoona. Mimi ni katibu, si bingwa.

Chumba tulikikodi mpaka saa nne.
Muuza kahawa akagonga dari yake, yaani sakafu yetu,
kwa mpini wa ufagio.
Nikasema: Bwana Ackroyd, andika mwendo wako, ufunge,
tutamalizia Ijumaa ijayo.
Alikuwa na vikaratasi viwili mkononi.
Nikasema: Upesi, bwana.
Nilisema mara mbili. Hilo sikuliandika.

Jumatatu kengele ililia kwa ajili yake.

Ijumaa Enoch alikuja na suti nyeusi,
akakaa mbele ya kiti kitupu. Nikaipindua saa ya mchanga,
maana kanuni ya kumi na moja inadai saa nzima,
na mchanga ukashuka, mtu asithubutu kupiga chafya.
Ukaisha. Kombe likawa lake.
Akasema: Sitamshinda mtu kwa kuchelewa kwa namna hii.
Fungueni bahasha.
Tukapiga kura: watano kwa wanne.

Nikavunja lakiri. Nikasoma kwa sauti,
kwa sababu ndiyo kazi yangu:
Mafuta ya kitani, wakia nne. Dawa ya kifua,
ile kali. Nitalipa mwezi ukiisha.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alitaka, akatazama viatu vyake.

Kikaratasi cha pili binti yake alikipeleka
kwa muuza dawa, Jumamosi alfajiri, kwenye theluji.
Nilikwenda kuuliza. Mzee Sugden alikikumbuka:
alidhani ni Kilatini cha daktari mgeni,
akakigeuza juu chini, akampa mtoto chumvi ya tumbo,
kisha akawashia kiko chake.
"Kilianza na K," akasema, "zaidi ya hapo sijui."
Na kwa Kiingereza chetu, mfalme na farasi
huanza kwa herufi hiyo hiyo.

Mchongaji hutoza peni mbili kwa herufi.
Mwaka ule hatukumlipa kitu. Kati ya themanini na tatu
na themanini na tano pana fedha tupu,
iliyosuguliwa hadi unajiona pua.

Enoch hupanga kete zile zile kila Ijumaa
kabla watu hawajafika.
Humwendesha mfalme. Humrudisha. Hushika farasi.
Juma lililopita aliniambia farasi anashinda kwa miendo sita.
Nikamwuliza: Na mfalme?
Akapapasa ukingo wa meza.

Binti wa Jabez sasa ana miaka kumi na saba.
Ndiye anayefagia chumba chetu, hujaza taa mafuta,
hulifuta kombe, na kitambaa chake hukawia
pale pasipo jina.
Hajaniuliza nani alimharakisha baba yake.
Kila akiingia, nainama juu ya kitabu
naanza kuandika tarehe.