Vitanda Viwili, Julai

Mteja wa Oslo kauliza kwa simu: chui wapo?
Wapo, nikamjibu, ila hawashiki ratiba.
Nguo? Za rangi ya vumbi.
Julai ndiyo nzuri, nyasi zimelala.

Jioni nikajaza fomu yangu, bei ya wafanyakazi:
Tintswalo Mabunda na mama yake, usiku mmoja.

Mama, aliyezaliwa ndani ya uzio
kabla uzio haujawa uzio,
anacheka: nilipe kumtazama tembo
aliyenimalizia mahindi?
Kisha anatia pasi gauni lake la kanisani.
Jekundu.
Simtajii habari za rangi ya vumbi.

"Dereva wenu," anasema akigeuza kola,
"muulize kama anaijua njia
ya kwenye mng'ongo kilipozikwa kitovu changu."