Unasikia?

Niliugonga uma wa chuma kwenye goti langu,
nikausimamisha juu ya kidole gumba cha mguu wake.
"Unasikia?"
"Nasikia," akasema Ambrosi. "Ni do,
ila imeshuka kidogo. Nani alikuuzia?"

Miaka thelathini amezirudishia piano za Kutaisi sauti zao.
Nikamziba masikio kwa pamba, nikagonga tena.
Kimya.
Akaniangalia kama mtu
aliyeulizwa habari za nyumba aliyoihama.

Haya, nani mwizi?
Mkewe anasema divai: "Mtungi mzima, daktari, kila vuno."
Dada yake anasema sukari,
maana baba yao alizikwa na mguu mmoja.
Mwenyewe anashuku mgongo,
zile piano alizozipandisha ngazi kabla hakujawa na lifti.
Mimi nina kalenda.

Mgongo ukibana huchagua upande,
hushuka mguu mmoja kama maji kwenye ufa.
Huyu ganzi imemvika soksi mbili,
kushoto na kulia, hadi nusu ya muundi.
Sukari nimeipima mara tatu, haimo;
nayo hutembea taratibu, mwaka kwa mwaka,
hii imekuja mbio.
Divai ni shahidi mzee. Ilikuwepo siku zote
na miguu ikakanyaga pedali bila kulalama.
Februari, vidonge vya kifua kikuu sugu.
Mei, moto kwenye nyayo.
Juni, viatu vilimtoka sokoni
naye akaendelea kutembea.

Kuna kidonge kimoja, cheupe, kirefu.
Nakijua kama mpangaji
anayelipa kodi kila mwezi huku akichimba ukuta.
Makohozi ya Ambrosi ni safi tangu Aprili;
ndicho kilichoyasafisha.
Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Nguo hii niliishona mimi,
kwa kalamu hii, kwa sahihi yangu.

Nikakiondoa, nikaweka kingine.
Si kwa uhakika. Uhakika huja nyuma,
ukichechemea.
"Kama ni chenyewe, nitapona?"
Nilitaka kusema ndiyo.
Nikasema: huenda isirudi yote.
Mishipa ya fahamu haijui mshahara
wala msimu wa tamasha.
Alicheka kidogo, akafunga kamba za viatu
kwa macho, si kwa vidole.

Novemba, mvua juu ya Rioni.
Pamba masikioni. Uma.
Kidole gumba: hakuna.
Unyayo: hakuna.
Kifundo...
Akainua mkono kabla sijauliza.
"Hapo," akapaza sauti, kama wapazavyo wasiojisikia,
"hapo pana nyuki!"
Chumba cha pili wakageuka.
Nikaandika tarehe, nikaandika sentimita,
mkono wangu ukitetemeka kuliko chuma.

Akazitoa pamba, moja, nyingine.
"Lakini do yako, daktari,
bado imeshuka."