Sukuni

Mimi na Mwanajaha tulizaliwa kwa kilio kimoja,
mtaa wa Langoni, nyumba yenye daka refu.
Mama alimfunga yeye uzi mwekundu mkononi
asije akaninyonyesha mimi mara mbili.

Leo uzi wa nini? Watu hututambua kwa vicheko:
mimi hucheka wazi,
yeye hucheka na ncha ya mtandio mdomoni.

Jumanne nilimpeleka kwa daktari Shekuwe.
Akapenyeza kijiti cha chuma kati ya jino na ufizi,
akahesabu kwa sauti, msaidizi akiandika:
tatu, tano, sita,
saba.
Pamba ililowa damu kabla hajamaliza taya la chini.

"Mbona mimi sina?" nikauliza. "Tumbo moja, titi moja."

Daktari, ambaye babake alitusomesha chuoni,
alichukua risiti, akaandika nyuma yake: be.
Akaitia fataha, ikawa ba.
Akaitia kasra, ikawa bi.
Kisha kiduara kidogo juu, na be ikafunga mdomo.

"Herufi mmezaliwa nazo sawa, hakuna aliyepunjwa nukta.
Ila jeni nazo hutiwa irabu.
Kuna kichembe, methili, hukaa juu ya herufi
ikanyamaza.
Ile ya kuwaambia askari wa mwili *basi, rudini*
huenda imetiwa sukuni.
Ile ya kuchochea moto imepigwa shadda.
Basi askari hawaondoki ufizini,
wanabomoa nguzo za nyumba waliyokuja kuilinda."

"Nani kazitia?" Mwanajaha akauliza, pamba kinywani.

Tambuu ya miaka thelathini, na tumbaku ndani yake.
Utando wa bakteria uliolala bila mswaki.
Pengine sukari ya damu.
Pengine, nikasema moyoni, mwaka ule Famau alipokwenda Jeddah
asiandike hata mstari.
"Wala hatujajua vyema kipi kilitangulia,
alama au ugonjwa," daktari akasema.
"Wapimao huvikuta vimekaa jamvi moja."

"Lakini irabu si hufutika?
Ubao wa chuoni tuliuosha kwa maji ya birika."

Akavua glavu, kidole kimoja kimoja.
"Nyingine hufutika. Nyingine wino umeshakunywewa na mbao.
Acha tambuu, nikukwangue, ufizi utatulia.
Mfupa ulioliwa, huo sikuahidi."

Jioni ile alimwaga popoo na chokaa mtaroni.
Kijamanda akakisugua kwa sabuni ya mche,
akakianika juu ya dari siku tatu,
akanipa niwekee vifungo vya kushonea.

Asubuhi hii nilikifungua kutafuta kifungo cheupe
cha kanzu ya mjukuu.
Harufu ya tumbaku ilitoka kwanza.