Mizani ya Luano

Saa kumi na nusu alfajiri, Katuba ingali gizani,
napiga pasi ya makaa sare yangu ya buluu
juu ya meza ileile tunayolia bukari.
Kifungo cha pili kilikatika mwezi wa Machi.
Kampuni ilisema sare mpya ziko njiani.
Nimekishona kwa uzi mweusi, hakuna aliyegundua:
abiria huangalia tarakimu.

Kazi yangu ni kupima.
Miaka kumi na minne naweka mizigo ya watu juu ya chuma,
na chuma hakijui jina la mtu.
Mji huu naujua kwa uzito:
mjane apelekaye vitenge Kinshasa, kilo ishirini na tatu kamili,
amepima kwanza kwa muuza makaa;
mwanafunzi aliyevaa makoti matatu
katika joto la Oktoba, ili nisimtoze;
mtu wa madini, begi dogo, zito kuliko umbo lake.
Huyo simuulizi.

Jumatatu ilibandikwa barua karibu na choo cha wafanyakazi.
Karatasi moja, mihuri miwili.
Aya ya kwanza: hali ni ngumu, mafuta yamepanda,
mishahara itabaki ilivyo, tuvumiliane.
Aya ya pili ilikuwa shukrani.
Aya ya tatu, kwa herufi zilezile, bila kuona haya:
Baraza limeridhia nyongeza ya Mkurugenzi Mkuu,
asilimia arobaini,
kwa ustadi wake wa kubana matumizi.

Kapya aliisoma mara mbili, mkono kiunoni.
Kiuno hicho kiliteguka Juni, chini ya jenereta ya mtu;
wakampa siku tatu na vidonge vya rangi ya waridi.
"Mama Mwadi," akaniuliza, "matumizi njo nani?"

Nilijifanya natafuta kalamu.
Matumizi ni yeye. Ni mimi na uzi wangu mweusi.
Ni Ngosa, asimamishaye tani sitini za ndege
kwa kupishanisha vibao viwili juu ya kichwa,
na jioni hawezi kumsimamisha mwenye nyumba mlangoni.

Asilimia nimeiwaza sana, njia nzima, kwa miguu.
Asilimia ya kidogo ni chembe.
Asilimia ya mlima ni mlima mwingine.
Na sisi wa hapa tunaujua mlima wa kutengenezwa na watu:
lile lundo jeusi la makapi ya shaba, linaloonekana toka kila mtaa.
Shaba ilisafiri.

Ijumaa akaja mwenyewe. Suti ya kijivu.
Hakupanga mstari; dereva alipandisha sanduku kwenye chuma changu
nami nikasubiri namba itulie.
Thelathini na nne.
"Andika tu ishirini na tatu, mama," akasema kwa upole,
na upole wake ulikuwa wa kweli, ndio ulioniuma.
Nyuma yake, kijana mmoja wa makoti matatu
alikuwa akichuruzika jasho.

"Kilo kumi na moja za ziada, Bwana Mkurugenzi."

Mkanda wa mizigo ulikwama; ni kawaida yake.
Akacheka. Akatoa pochi, akalipa bila kuhesabu.
Nikamkatia risiti, mkono wangu haukutetemeka
mpaka alipoondoka.

Nilirudi nyumbani nimeshiba kabla ya kula.
Usiku tu, nikisonga bukari, ndipo nilipokumbuka
kasha lile la fedha ni la nani.
Pesa ilitoka mfuko wake wa kulia
ikazunguka kwenye vidole vyangu
ikaingia wa kushoto.

Kesho yake nilimwambia Kapya. Akakataa.
"Lakini alilipa. Bote balimuona."
Akainama taratibu, kama mzee, akabeba begi lililofuata.

Labda.
Mimi nilichokiona ni sanduku lake likinyanyuliwa
na namba zikishuka, zikishuka,
mpaka sufuri,
zikatulia hapo, palepale tunapotulia sisi
kila tarehe ishirini.