Soksi ya Maharage

Bi Genowefa alinipokea mlangoni na unga mikononi,
akanitazama viatu kabla ya uso.
Kazi yangu ni kukagua viatu vya wengine;
leo nilianza kukaguliwa mimi.

Podlasie, mwezi wa tano. Korongo wamerudi
juu ya nguzo ya umeme, wala hakuna aliyewadai cheti.
Nami nimekuja na mkoba na fomu ya kurasa kumi na tisa,
kuuliza udongo maswali ambayo udongo haujibu.

Ghala: safi. Daftari la samadi: limejazwa kwa penseli,
tarehe kwa tarehe, hata siku ng'ombe alipougua.
Mpaka na jirani: mita nane za nyasi.
Ng'ambo yake ngano ya jirani imemwagika njiani,
punje za waridi, waridi wa peremende,
zimevikwa dawa ili kuvu isizile.
Hata kunguru alizipita, akitembea kwa miguu.

Mbegu za shayiri: risiti ipo.
Mbegu za figili: risiti ipo, na muhuri.
Maharage?

Akaingia chumbani. Akarudi na soksi.
Soksi ya sufu, ya kijivu, imefungwa fundo juu,
nzito kana kwamba mguu umo bado.

"Ya dada yangu Nadzieja. Alikufa Februari.
Mashuka waligawana wakwe,
saa ya ukutani akachukua mwanawe wa Białystok.
Mimi nikasema, nipeni soksi."

Nikaifungua. Maharage meupe, kila moja na doa jekundu
kitovuni, kama limebusiwa na mdomo uliopakwa rangi.
Nikalamba kidole, nikasugua punje kwenye karatasi.
Haikuacha kitu.
Lakini "haikuacha kitu" si stakabadhi.
Nani alizikuza? Nadzieja.
Kwa mbolea gani? Kimya.
Shamba lake lilikuwa na cheti?
Bi Genowefa akacheka mpaka akatafuta kiti.
"Nadzieja! Hata kitambulisho chake kiliisha muda mara tatu."

Wahenga walisema chema chajiuza.
Wahenga hawakuuza maharage Berlin
kwa mtu asiyemjua mkulima, asiyeiona soksi,
mwenye mtoto mgonjwa na fedha ya kuhesabu,
anayenyoosha mkono rafuni kwa sababu ya jani moja
la kijani, lililochorwa kwa nyota.
Jani lile ni neno langu lililopigwa chapa.
Nikililegeza hapa jikoni kwa soksi ya marehemu,
kesho nitalilegeza kwa mwenye malori.

Nilitaka anilaumu. Ingekuwa rahisi.
Akamimina chai, akaisukuma kalamu upande wangu.
"Andika ulichokiona."

Nikaandika: kitalu namba nne, maharage,
asili ya mbegu haikuthibitishwa,
mavuno ya mwaka huu yasiuzwe kwa nembo.
Kalamu ilichakura karatasi kama kuku.

Kisha nikamweleza, kwa kuwa nalo limo katika kanuni,
ingawa fomu haina nafasi yake,
kwamba mmea mama ukiishi kizazi kimoja
katika udongo usio na sumu,
mbegu utakazozaa huandikwa jina.

Akahesabu kwa vidole, Mei mpaka Septemba.
"Kwa hiyo hawa hawana karatasi."
"Hawana."
"Ila watoto wao watakuwa nayo."
"Watakuwa nayo."
Akanyamaza kidogo, akafuta unga kwenye ukingo wa meza.
"Basi ni kama mama yetu," akasema,
"alipovuka mto Bug na mimi tumboni."

Mayai sikuyapokea; zawadi ni marufuku.
Chai niliinywa. Kikombe kimoja: nimekiandika.

Nilipogeuza gari nilimwona kiooni,
ameshainama kwenye kitalu namba nne,
soksi begani, kidole kikitoboa ardhi,
shimo, punje, shimo, punje,
bila kutazama nyuma kama nimeondoka.