Sha, Ba, Ma, Na, Ka

Naryn, mwezi wa pili, mto umeganda kingo zote mbili.
Muuguzi wa macho ana haraka, shule tatu zinamngoja;
fimbo yake hairukiruki, inashuka mstari kwa mstari.
Nurzat ni wa kumi na tisa kwenye foleni.
Wa mbele wanasoma kwa sauti: Sha, Ba. Ma, Na, Ka.
Yeye nyuma anazimeza herufi kimya kimya,
kama anayemeza dawa ili nyumbani wasijue anaumwa.

Akazitaja zote,
hata zile ndogo kama miguu ya sisimizi.
Karatasi aliyoniletea ilisema: macho mazima.
Nikapumua. Mungu anisamehe, nilipumua.

Maana bei nilikuwa naijua.
Fremu ya chini kabisa, som elfu mbili na mia nne;
lenzi mbali, kupimwa mbali.
Mimi nauza kuruti sokoni,
vidonge vya maziwa ya chumvi, vikavu kama changarawe,
som themanini kopo.
Fanya hesabu wewe. Mimi nilishaifanya
mgongoni mwa bahasha, kisha nikaitia jikoni.
Sikujua ilikuwa imesomwa kabla ya kufika motoni.

Jumamosi nikamtuma akahesabu kondoo wa babu yake.
Akarudi: kumi na mmoja.
Walikuwa wanane.
Matatu yalikuwa mawe yaliyovaa theluji.

Nikamshika bega, nikamgeuza.
“Nisomee lile bango la duka la mkate.”
Hakukunja hata uso.
“Sha, Ba,” akasema. “Ma, Na, Ka.”

Nilitaka kucheka. Kicheko kikakwama njiani.
“Nani kakufundisha kunificha?”
Akatazama viatu vyangu, maana viatu anaviona akiinama:
“Lenzi mbali, mama. Kupimwa mbali.”

Asylkan wa duka la miwani si mbaya, ila si mjinga.
Amekubali nilipe kidogo kidogo,
miwani ikae kabatini mwake hadi senti ya mwisho.
Kila Jumamosi napeleka nilichonacho,
naye anamruhusu Nurzat aivae dakika chache pale mlangoni.

Jumamosi ya kwanza alitazama mlima.
Ya pili alisoma mabango yote ya barabara, mpaka ya fundi viatu,
mpaka tangazo la mbwa aliyepotea.
Ya tatu akanigeukia mimi.
Akanitazama muda mrefu, paji la uso, mashavu, vidole vilivyopasuka kwa chumvi,
kisha akaivua mwenyewe, akaikunja,
akamrudishia Asylkan bila kuambiwa.

Zimebaki som mia saba.