Meza ya Hati, Ghorofa ya Pili

Bahari sijaiona. Nimezaliwa Mvumi,
maji ya kwanza kuyajua yalikuwa ya kufukua mtoni,
ya kuteka kwa kata, kwa subira.
Lakini meli nazijua kwa majina,
nazijua kwa namba za safari na mihuri ya mawakala,
zinapita mezani kwangu nyembamba kama kucha,
nakala tatu halisi, zote zimesainiwa,
na upepo wa Julai ukigonga dirisha
unazimwagia vumbi la Chang'ombe.

Leo ni ufuta wa Kibaigwa.
Makontena matatu, magunia elfu moja mia moja na arobaini.
Muuzaji ni Bi Mbeleje Msanjila,
mnunuzi yuko Kobe, hawajapeana mkono.
Kati yao iko barua ya muamana, kurasa sita,
inayosema: leta hiki, na hiki, na hiki,
viwe hivi na si vinginevyo, ndipo nilipe.

Naanza. Rula, penseli, kidole.
Ankara na barua: bei zinaelewana, senti kwa senti.
Orodha ya mizigo: uzito mtupu, uzito na gunia. Sawa.
Cheti cha afya ya mimea kimeapa hakuna mdudu.
Bima imekatwa kabla ya meli kung'oa nanga. Sawa.
Ufuta wenyewe siuoni wala haunihusu:
ungekuwa mchanga, karatasi zikanyooka, tungelipa;
ungekuwa dhahabu, karatasi zikapinda, tungerudisha.
Siku ya kwanza kazini niliicheka sheria hiyo.
Sijaicheka tena.

Kwenye cheti cha asili: Msanjira.
R mahali pa L.
Penseli inasimama.

Baba yangu alipigilia mataruma ya reli, Gulwe,
miaka thelathini na mmoja.
Kitabu cha kazi kilimwita Chidumizi,
kadi ya mafao ikamwita Chidumisi.
Dirishani wakamwambia: kaape.
Akaapa. Wakamwambia: muhuri haujakolea.
Akaenda na kurudi mpaka viatu vikaijua njia bila yeye,
na mafao yalipotoka tulinunulia sanda
na mabati manne.
Z na S. Ungemwita kwa lolote kati ya hayo, angeitika.

Kanuni yetu, ajabu, ina huruma kuliko dirisha lile:
herufi iliyoteleza bila kubadili maana, inasema, si kasoro.
Napitisha.
Napitisha kwa wino wa kijani, polepole,
anionaye atadhani nauza shamba.

Kisha hati ya shehena.
Mwisho wa kupakia: tarehe kumi na tano.
Imepakiwa melini: tarehe kumi na sita.

Nainua karatasi dhidi ya mwanga.
Kumi na sita.

Lori lilikaa mizani ya Vigwaza, nilikuja kusikia,
mtandao ulikata, madereva wakasonga ugali ubavuni mwa tela.
Siku iliyoteleza haina kanuni yake.

Nampigia. Nyuma yake nasikia soko,
mtu anahesabu magunia kwa sauti ya kuvuta.
"Mwanangu, ufuta wenyewe mmeuona?"
"Hapana, mama."
"Sasa mmekataa nini?"

Nikakohoa. Nikamweleza siku tano za kazi,
kwamba Kobe wanaweza kuridhia, kwamba kuna makato,
dola sabini na tano za kasoro.
Akasema dola hizo ni magunia mangapi,
nikakokotoa, nikamtajia, akanyamaza.
Mhesabuji nyuma yake akapotea hesabu, akaanza upya.

Nimeandika kwenda Kobe mistari miwili:
upakiaji umechelewa; je, mnaridhia?
Fomu haina nafasi ya mstari wa tatu.

Nilipokung'uta bahasha niifunge faili,
ikadondoka punje moja, nyeupe, ndogo kuliko nukta ya mashine.
Nikaitafuna.
Ilikuwa tamu, ya mwaka huu, imekauka vizuri.
Sikuiandika popote.